Ndugu Wanne Ndani ya Laptop Moja

Mkurugenzi wetu alikwenda semina kwenye hoteli moja ya ufukweni akarudi mtu mpya. Alirudi na begi la kitambaa, kalamu yenye taa na neno moja: blokcheini. Kabla ya hapo kampuni yetu ilikuwa inatengeneza tovuti za shule za chekechea na mifumo ya risiti ya maduka ya dawa, tukiwa ghorofani juu ya duka la vigae vya bafuni pale Kinondoni, na mie nilidhani tunaendelea vizuri. Jumatatu hiyo nikaambiwa kwamba tulikuwa tumelala. Dunia ilikuwa imetupita sisi tukibishana rangi za vitufe.

Aliniita ofisini kwake, yaani kwenye kona ya chumba chetu iliyo chini ya kiyoyozi, akanieleza blokcheini ni nini. Nilikuwa nimeisoma chuoni na kuifanyia mradi, na yeye alijua, maana cheti changu ndicho alichokibandika ukutani ili wateja wakione. Alinieleza hata hivyo, kwa mikono. Hizi, alisema, ni kumbukumbu ambazo kila mwenye kompyuta kwenye mtandao anakuwa na nakala yake, wote wanakubaliana kabla ya kuandika jambo jipya, na likishaandikwa hakuna wa kulifuta. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari njema kwa mara ya kwanza. Mwanamke anayefanya kazi ya kompyuta hapa mjini hujifunza mapema kuelezwa vitu anavyovijua.

Nilimuuliza mteja ni nani. Huwa nauliza swali hilo na huwa linaharibu mazungumzo, lakini safari hii alikuwa na jibu, na jibu lenyewe, kwa bahati mbaya, lilikuwa zuri.

Wateja walikuwa ndugu wanne, Waarabu wa Temeke. Nasema Waarabu kwa sababu ndivyo mtaa unavyowaita. Wamezaliwa hapahapa, baba yao kazaliwa hapahapa, na Kiswahili chao kinanizidi mie ambaye wazazi wangu walishuka na treni kutoka bara. Marehemu baba yao alianza na duka moja la nafaka Temeke, akafa ameacha maghala. Dada mkubwa alibaki na duka la zamani na stoo yake, na nyumba iliyo nyuma yake. Kaka anayemfuata alichukua ghala la Kurasini, ambako mizigo inatoka bandarini. Wa tatu alichukua la Vingunguti, jirani na machinjio, akawa kila mtu akimuuliza kuhusu harufu anasema harufu gani. Mdogo wao wa mwisho alikuwa Mabibo, karibu na soko. Mali ilikuwa inazunguka kati ya maghala hayo manne kama enzi za baba yao. Kilichokuwa hakizunguki ni salamu.

Ishu ilikuwa mchele. Muda mfupi baada ya msiba, lori la mchele wa Kyela lilitoka Kurasini kwenda Vingunguti. Kurasini wakasema tumepakia na limeondoka. Vingunguti wakasema hatujaona kitu. Dereva aliacha kazi mwezi huohuo akarudi kwao Tanga, na hapo kila mmoja akajiandalia ukweli wake. Kaka wa Kurasini aliamini wa Vingunguti kapokea akanyamaza. Wa Vingunguti aliamini wa Kurasini hakupakia kabisa. Wa Mabibo alikuwa upande wa Vingunguti kwa sababu zake mwenyewe, zilizohusu gari la marehemu. Dada mkubwa alisema wanamtia aibu baba yao kaburini na akafunga mlango. Wakawa wanawasiliana kupitia makarani, miaka inakwenda, watu wanaosali msikiti mmoja.

Mkurugenzi alikutana na kaka wa Kurasini kwenye harusi. Alipomwambia kuna teknolojia iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya watu wasioaminiana, nasikia yule bwana alimshika mkono akakaa nao mpaka keki ikakatwa.

Kwa hiyo nilipewa kazi. Kabla hatujanunua mitambo ya kuweka kwenye kila ghala ilibidi tuwe na mtandao wa majaribio: nodi nne, yaani kompyuta nne zinazozungumza, kila moja na nakala yake ya kumbukumbu. Niliomba kompyuta nne. Mkurugenzi aliniangalia kwa huruma akanikumbusha kwamba nina laptop. Alikuwa sahihi, kwa kiasi fulani. Kuna namna ya kuigawa kompyuta moja vyumbavyumba, kila chumba kikajiona ni kompyuta kamili yenye anwani yake, na hivyo vyumba kwenye fani yetu vinaitwa kontena. Laptop yangu ilikuwa nzee, betri yake ilishakufa siku nyingi na ilikuwa inaishi kwa chaja tu, kama mgonjwa wa dripu. Ndiyo iliyopewa heshima ya kubeba maghala manne ya ukoo.

Kaka wa Kurasini alipita ofisini siku moja kuona maendeleo. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa kanzu safi na simu mbili. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza kazi imefika wapi. Nikamwambia makontena manne yameshapanda, moja tu linasumbua. Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza. Akauliza ni ya futi ngapi, na kama yametolewa bandarini au bado yanalipiwa hifadhi. Nilijitahidi kumweleza. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamuuliza mkurugenzi, taratibu, kama kweli binti huyu ndiye fundi mwenyewe.

Kazi niliifanyia nyumbani Mtoni, ninakoishi na mama yangu, mwalimu mstaafu, kwa sababu kiyoyozi cha ofisini na laptop yangu vilikuwa havipatani kwenye soketi moja. Nikazipa nodi majina ya maghala: Kurasini, Vingunguti, Mabibo, Temeke. Nikaziwasha. Zikawaka zote, taa za kijani, hakuna kosa hata moja kwenye skrini. Nilijipongeza kwa chai. Nikaandika kwenye nodi ya Kurasini kwamba magunia yametoka, nikaenda kuchungulia Vingunguti. Vingunguti haikuwa na habari yoyote. Nikaandika tena. Kurasini ikasema imeshatuma na imethibitishiwa. Vingunguti ikasema haijaona kitu.

Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilikaa nikiitazama ile skrini nikiwaza kama ugonjwa wa ile familia unaambukiza kwa njia ya faili.

Nilihangaika nalo siku nzima. Mwisho nikagundua kwamba kwenye mpangilio wa kila nodi, pale panapotakiwa anwani ya wenzake, nilikuwa nimeweka anwani ambayo kwa kompyuta ina maana ya "hapahapa nilipo". Kwenye laptop nzima ingekuwa sawa. Lakini ndani ya kontena, hapahapa ni ndani ya kontena lenyewe. Kila nodi ilikuwa inajipigia simu yenyewe, inajijibu, inajithibitishia, inaridhika. Nodi zangu nne zilikuwa na makubaliano ya asilimia mia, kila moja na nafsi yake.

Nikarekebisha. Zikaanza kuonana, lakini zikakataa kusalimiana. Nodi zote lazima zianze na bloku moja ya mwanzo, yaani ukurasa wa kwanza wa kumbukumbu, ileile, herufi kwa herufi, ndiyo asili yao. Ikitofautiana hata nukta, kila moja inamhesabu mwenzake kuwa mgeni. Nilikuwa nimeitengeneza upya asili hiyo baada ya kosa la kwanza, nikasahau kwamba nodi ya Mabibo bado imehifadhi kumbukumbu za zamani kwenye diski. Kwa hiyo watatu walikuwa na asili moja na mdogo wao alikuwa na yake, na alikuwa anatuma ujumbe kila sekunde kulalamika kwamba wengine wote ni feki. Nilimfuta kila kitu, nikamwanzishia upya, akatulia. Nikatamani ingekuwa rahisi hivyo Mabibo yenyewe.

Siku nodi zote nne zilipokubaliana kweli, nilimwita mama aje aone. Nikampa kiti. Nikaandika mzigo umetoka Kurasini, na mistari ikaanza kutembea kwenye madirisha manne kwa pamoja, Vingunguti ikaona, Mabibo ikaona, Temeke ikaona, zote zikatia sahihi. Nikamweleza kwamba zikizimika mbili mtandao wote unasimama, lakini ikizimika moja tu hakuna shida, tatu zinatosha kukubaliana na kazi inaendelea. Mama alikuwa amefundisha darasa la tatu maisha yake yote na uso wake ukawa uleule wa kukagua zoezi.

"Hawa hawana wake wala watoto," alisema. "Watagombania nini?"

Kisha akaniomba nizime hilo lidude, linapiga kelele kama pangaboi bovu.

Mkurugenzi alipanga maonyesho. Hakuna ndugu aliyekubali kwenda kwenye ghala la mwenzake, na hawakutaka ofisini kwetu kwa sababu ngazi zetu zinapita katikati ya masinki ya lile duka la chini. Ikabaki kwa dada mkubwa, Temeke. Nasikia alipoombwa kwenye simu alisema waje, lakini asisikie sauti ikipanda ndani ya nyumba ya baba yao. Ikawekwa Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri.

Sebule ilikuwa ndefu, yenye mazulia mekundu na makochi yaliyopangwa kuzunguka kuta zote nne, na kila ndugu alikaa ukuta wake. Hivyo ndivyo nilivyowaona kwa mara ya kwanza wakiwa pamoja, na kichwani mwangu kila kaka nilimwita kwa jina la ghala lake: Kurasini na simu zake mbili, Vingunguti, mrefu, mkavu, miwani mikubwa, anayekohoa kabla ya kila sentensi, Mabibo, kijana wao wa miaka arobaini na kitu, suruali ya jinzi, funguo za gari mkononi muda wote kama mtu anayeondoka sasa hivi. Dada mkubwa alikaa karibu na mlango wa jikoni, mwanamke mdogo wa umbo, mtandio mweupe, macho yanayokuona mara moja na kumaliza. Nilimpa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza kwetu ni wapi, mama yuko hai, nimeshakula. Kaka zake alikuwa hajawauliza hata moja kati ya hayo.

Nilichomeka laptop karibu na televisheni, nikaiunganisha ili madirisha manne yaonekane kwenye kioo kikubwa, kila moja na jina la ghala. Mkurugenzi akasimama. Alikuwa amevaa suti. Alizungumza vizuri sana, kuhusu imani, kuhusu uwazi, kuhusu nchi zilizoendelea, na nilipokuwa naanza kupumua nikamsikia akisema kwamba timu yetu imekwishafunga mitambo katika maghala yote manne, na wanachokiona kwenye kioo ni mawasiliano ya moja kwa moja kutoka huko.

Nilimwangalia. Yeye hakuniangalia. Timu yetu ilikuwa mimi, na mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga Vingunguti hata kwa bahati mbaya. Nilifungua mdomo kusema kwamba haya ni majaribio, akanifunika kwa sauti yake, akasema injinia sasa atatuonyesha.

Nikaonyesha. Mzigo ukatoka Kurasini, Vingunguti ikaupokea, wote wakauona. Hata Mabibo aliweka funguo chini. Ndipo mkurugenzi, akiwa amenogewa, akawaambia kwamba uzuri wa mfumo huu ni kwamba hautegemei mtu mmoja, na akaniambia nizime nodi mojawapo wajionee. Nilimuuliza ipi. Akasema yoyote. Nikazima ya mwisho kwenye mstari, ambayo ilikuwa Mabibo. Dirisha lake likawa jeusi, na yale matatu yakaendelea kutembea bila hata kusita.

Mkurugenzi alitabasamu, akidhani wameshangaa.

"Kwa hiyo," alisema Mabibo, "mimi nikitoka nyie mnaendelea tu."

Nilimweleza kwamba ndiyo, kitaalamu ndiyo sifa kubwa ya mtandao. Alirudia neno sifa, taratibu. Akauliza kwa nini alizimwa yeye na si Kurasini. Nikasema ilikuwa bahati nasibu. Akasema toka azaliwe bahati nasibu ya nyumba hii inamwangukia yeye, kuanzia gari. Vingunguti akakohoa, akasema kama mdogo wake anazimwa basi na yeye azimwe. Nikamwambia kaka, tukizima mbili kila kitu kitasimama, hazitabaki za kutosha kukubaliana. Akasema hicho ndicho anachotaka kukiona. Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa tabasamu, mteja ni mfalme, nikaizima Vingunguti. Kurasini na Temeke zikabaki zimeganda, zinasubiriana.

Sijawahi kuona teknolojia ikieleweka haraka namna ile. Pale pale, bila kusoma ukurasa hata mmoja, wale ndugu waligundua kwamba mmoja akinuna peke yake hana madhara, lakini wawili wakinuna pamoja wanasimamisha biashara nzima. Vingunguti na Mabibo walitazamana kutoka kuta mbili tofauti. Kurasini naye aliwaona wakitazamana, akageuza kichwa kumtafuta dada mkubwa. Miaka yote hiyo walikuwa wananuniana kienyeji. Sasa nilikuwa nimewaletea hesabu yake.

Niliwasha zote upesi. Zilikuwa ndiyo kwanza zinashikana tena mkono, feni ya laptop inalia, ndipo umeme ulipokatika.

Televisheni ikafa. Feni la darini likapunguza mwendo, likasimama. Laptop yangu, isiyo na betri, ilizimika kabla sijageuka kuitazama. Jua lilikuwa kali dirishani na kila mtu alikuwa anamwona mwenzake vizuri kabisa.

Mkurugenzi alisema si tatizo, mitambo ya kwenye maghala inaendelea kufanya kazi, ni sisi tu ambao hatuoni. Angeishia hapo angepona. Lakini umeme ukarudi baada ya muda mfupi, wa kutania tu, kama unavyofanyaga, televisheni ikawaka, laptop niliyokuwa nimeipanga ijiwashe yenyewe ikaamka nayo, na kioo kikaonyesha madirisha manne yakianza upya kwa pamoja, kila moja likitangaza kwamba lilizimika ghafla. Kisha ukakatika tena.

Mabibo alikuwa wa kwanza. Aliuliza, kwa upole kabisa, kama Mabibo nako umeme umekatika. Vingunguti alikuwa ameshatoa simu, anaongea na karani wake. Umeme upo? Upo tangu asubuhi? Kuna mtambo wowote umefungwa hapo? Alikata simu, akakohoa, na wote wanne wakaniangalia mimi. Siyo mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa amepata simu ya muhimu na yuko barazani anaipokea, simu ambayo sikuisikia ikilia.

Dada mkubwa ndiye aliyeuliza. "Mwanangu, hayo maghala yako wapi?"

"Yako humu," nikasema, nikiigusa laptop. "Yote manne. Ni majaribio tu, mama. Hatujafunga kitu popote."

Nilitegemea kufukuzwa. Nilikuwa nimeshaanza kukunja waya wa chaja, nikimtukana mkurugenzi moyoni kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Dada mkubwa akasema niache waya, chakula kiko tayari, na nyumba hii haitoi mtu na njaa. Kisha akawaambia kaka zake, bila kupandisha sauti, kwamba kwa kuwa kuna joto na kiza cha televisheni, labda leo wataongea wenyewe, maana hata kompyuta imeshindwa kuongea kwa niaba yao.

Sinia lilikuja, pilau la nyama na kachumbari, tukakaa kwenye zulia kulizunguka kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kulifikia. Niliwekwa kati ya Kurasini na Vingunguti kama ukuta wa kukodi. Nikala nikimsikiliza mkurugenzi akiendelea kuongea peke yake barazani.

Ni Vingunguti aliyeanza kuongea, na alianza na mchele, bila shaka. Alisema mfumo kama huu ungekuwapo wakati ule, lile lori lisingepotea. Kurasini akasema lingeonekana limepokelewa. Vingunguti akasema lingeonekana halikupakiwa. Sauti zikaanza kupanda ngazi. Dada mkubwa alikuwa ananiongezea nyama. Mkono wake ukasimama.

Aliuliza wanazungumzia lori gani.

Walimwangalia kama mtu aliyeuliza jua ni nini. Kurasini akamweleza: mchele wa Kyela, baada ya msiba, aliompakilia Vingunguti, dereva yule wa Tanga. Akauliza ilikuwa kabla ya arobaini? Ilikuwa siku chache kabla ya arobaini. Aliweka kijiko chini.

"Huo mchele si nilimpigia dereva aulete hapa," alisema. "Wageni walikuwa wengi, wa nyumbani usingetosha. Ulipikwa kwenye hitima ya baba, uliobaki nikaugawa sadaka. Mlikula nyie. Wewe," akamgeukia Vingunguti, "ulirudia sahani."

Nilijaribu kutazama zulia. Alieleza kwamba hakuwahi kujua wanagombania mchele ule. Aliambiwa tu kuna mzigo wa Vingunguti umepotea, na mizigo ya Vingunguti kwake ilikuwa sukari. Alipowauliza kisa, kila mmoja alimwambia amuulize mwenzake. Wakati wa msiba nani alikuwa anaandika kitu? Alikuwa analia na anapika.

Mabibo ndiye aliyecheka kwanza, akaficha uso kwenye kiganja. Kurasini hakucheka. Alinawa mikono polepole, akakaa ameinamisha kichwa, na nilipomtupia jicho niliona machozi yanamshuka kwenye ndevu na hayapangusi. Vingunguti alikohoa, akakohoa tena, na sentensi haikuja. Mwishowe alinyoosha mkono, akanipita mimi ukuta wa kukodi, akamwekea kaka yake kipande cha nyama upande wake wa sinia.

Nilirudi Mtoni jioni ile nikiwa na laptop begani na chombo cha pilau la kumpelekea mama, nikafanya hesabu ambayo sijamwambia mkurugenzi mpaka leo. Kama mtandao wangu ungekuwapo wakati wa msiba, ungeandika kwamba mchele umetoka Kurasini na haukufika Vingunguti. Nodi zote zingetia sahihi. Ugomvi ule ungehifadhiwa kwa nakala nne, usifutike, usibadilike herufi, mpaka wajukuu. Hakuna mahali kwenye programu yangu palipokuwa na nafasi ya kuandika kwamba dada alikuwa analia na anapika.

Wiki iliyofuata ndugu walituma jibu lao. Kwa mara ya kwanza tangu baba yao afe walikuwa wamekaa na kukubaliana jambo kwa kura zote nne, na jambo lenyewe lilikuwa kwamba hawatutaki. Mkurugenzi alisema soko la Tanzania bado halijakomaa. Baadaye kidogo akaenda semina nyingine na akarudi na akili bandia, na ninavyoandika haya nimeshaelezwa, kwa mikono, akili bandia ni nini.

Nilidhani yameisha. Lakini siku moja kaka wa Kurasini alipanda ngazi zetu, akipita masinki bila kuyatazama, akaniomba tuzungumze pembeni. Aliuliza hali ya mama yangu. Akasema wanaongea sasa, alhamdulillah, Ijumaa wanakula kwa dada, hata ishu ya gari imepata ufumbuzi. Kisha akasogea karibu zaidi akaniuliza, kwa mfano tu, kama zile nodi nne mtu mmoja anaweza kuwa nazo tatu.

Nikamwambia inawezekana. Mwenye tatu anaamua kila kitu peke yake, na yule wa nne anabaki kupokea habari.

"Na wenzake watajua?"

Nikamwambia watajua siku hiyohiyo, kwa sababu kila nodi inaona nani ni nani. Alifikiri sana. Akasema basi hilo halina faida. Alikunywa soda niliyomnunulia mpaka nusu, akiangalia cheti changu ukutani, kisha akauliza kama nafahamu kufunga kamera za ulinzi.

Nafahamu. Mtu yeyote anayejua kuvuta waya na kuweka anwani sahihi anafahamu. Nilifunga za kwake kwanza, na kabla sijamaliza Vingunguti alipiga simu kutaka za kwake, halafu Mabibo, na kwa kuwa kila mmoja alitaka pia kuona ghala la mwenzake, nilimwekea kila mmoja picha za maghala yote matatu kwenye simu yake. Dada mkubwa peke yake alikataa, akasema macho anayo.

Sasa wanapigiana simu kutwa nzima. Mbona lori lako limesimama getini tangu saa tatu, mbona karani wako amelala, huyo mwenye kofia ni nani, mbona umekonda. Vingunguti aliniambia juzi kwamba siku asipopigiwa hadi mchana anaanza kuhisi Kurasini ni mgonjwa, basi anafungua simu kumtafuta kwenye kamera, akimwona anapita na kanzu yake anaendelea na kazi.